Spika Zisizo na Juu

Mume wangu alipojiandaa kurudisha dukani jozi ya tatu ya spika, nilimwambia watu wataanza kudhani tunazitembeza mjini zipunge hewa. Alicheka kidogo, akazifunga kwa shuka letu la zamani, akazipanga kwenye boksi lake. Mimi utani ule niliutoa mdomoni tu. Moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa, na nilichokuwa nakiogopa ni masikio yake.

Mume wangu ni DJ wa sherehe. Watu wanamwita Kishindo, jina alilopewa ujanani na likamganda. Miaka yote ya ndoa yetu amekuwa akisimama nyuma ya meza yake, spika ndefu kama makabati kushoto na kulia, upande mmoja wa hedifoni ameubana sikioni kwa bega. Ndivyo DJ anavyofanya kazi: sikio moja linasikiliza wimbo unaochezwa ukumbini, lingine linasikiliza ule unaofuata. Na ili ausikie huo unaofuata katikati ya zogo lile, anaufungulia mpaka mwisho. Akirudi nyumbani alikuwa ananisalimia kwa kelele kana kwamba niko ng'ambo ya mto. Nilimtania kwa hilo kwa miaka mingi, na sasa nikikumbuka najisikia vibaya.

Kisha redio ya mjini ikatangaza kwamba inatafuta mtu wa kuwatengenezea matangazo na vionjo, vile vimuziki vifupi vya kufungulia vipindi, mtu wa kufanyia kazi kwake, mchana, halafu awatumie. Akaomba, wakampa majaribio. Akifaulu anaachana na kumbi moja kwa moja, analala usiku kama watu wengine. Akishindwa anarudi kusimama kati ya yale makabati mawili. Niliitaka kazi hiyo kuliko yeye mwenyewe. Nilikuwa naiombea hata nikiwa napiga pasi.

Nikamwachia chumba cha nyuma, pale nilipokuwa nikikatia vitambaa. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ikahamia sebuleni karibu na dirisha. Yeye akabandika trei za mayai ukutani kila upande ili sauti isirudi rudi, akasimamisha godoro la zamani nyuma ya mlango. Binti yetu, ambaye kwa jinsi anavyopenda kusema tunamwita Kasuku, aliingia akaangalia zile trei, akauliza kuku watakuja lini.

Kwenye kununua vyombo, nikiri, mume wangu si mtu wa kupigwa changa la macho. Mashine ya kuchanganyia nyimbo aliichukua kwa DJ mwenzake aliyeacha kazi, vitufe viwili vimekwama, akavisafisha kwa mswaki na spiriti vikafunguka. Kadi ya sauti, kile kijisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, alichagua ndogo kama kipande cha sabuni akaiacha ile kubwa yenye taa nyingi. "Taa hazirekodi," aliniambia. Hedifoni alinunua zile za kufunika sikio lote, nzito, sponji zake zimechakaa, nami nikazishonea sponji mpya. Pesa yote iliyobaki aliitengea spika. Alikuwa akisema spika za ukumbini zina kazi ya kusifia, kila wimbo zinaupamba, lakini za studio kazi yake ni kusema ukweli. Ukizipata za uongo, utatengeneza muziki wa uongo.

Na hapo kwenye spika ndipo tulipokwama.

Jozi ya kwanza aliiunganisha, akacheza wimbo anaoujua kama anavyoujua mlango wa nyumba yetu, akakunja uso. "Hazina juu," akasema. Juu, kwa lugha yao, ni zile sauti kali nyembamba: njuga, matoazi, ule msumari wa mwimbaji anapotamka s. Alisema ni kama mtu amezifunika blanketi. Akazirudisha. Jozi ya pili alifungua mwenyewe kile kispika kidogo cha juu wanachokiita twita, akakikuta kizima, akakifunga, akasikiliza tena. Hazina juu. Jozi ya tatu hakumaliza hata wimbo.

Mimi njuga nilizisikia. Nilizisikia nikiwa jikoni, mlango umefungwa, bomba linamwaga maji.

Nilijiambia mimi ni wa sindano na uzi, nitajuaje. Lakini niliporudi sebuleni kushona nikamkumbuka mume wangu alivyokuwa zamani. Cherehani yangu ilipokuwa ikikauka mafuta, yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele kutoka chumba kingine, "Mama Kasuku, hebu mnyweshe huyo mnyama wako!" Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijausikia huo mlio. Safari hii ilikauka, na kwa makusudi nikaiacha. Ikaanza kulia kama panya aliyebanwa mlangoni. Kasuku alilalamika. Jirani aliyekuja kuchukua gauni lake akaniuliza kama nimeishiwa mafuta. Mume wangu alikaa kiti cha pembeni, anakunywa chai, ametulia tuli, mguu mmoja juu ya mwingine. Nilikanyaga kwa nguvu zaidi. Akaniangalia akatabasamu, akaniuliza kama kuna sukari zaidi.

Usiku huo sikupata usingizi mzuri. Nilianza kuunganisha mambo ambayo nilikuwa nimeyapita kila moja peke yake. Hedifoni alikuwa ameihamishia sikio la kulia, wakati miaka yote alitumia la kushoto. Simu zote alikuwa anaziweka spika ya nje hata akiongea na mama yake. Na lile neno "nini?" lilikuwa limezidi nyumbani kwetu.

Kesho yake nikapiga moyo konde, nikamwambia twende tukapime masikio, tujiridhishe tu. Nilisema "tujiridhishe" kama mtu anayependekeza matembezi.

"Masikio yangu ndiyo yanayokulisha," akaniambia, "usiyatukane."

Alisema kwa mzaha, lakini macho hayakuwa na mzaha. Nikarudi kwenye cherehani. Najua mtasema ningesisitiza. Semeni tu, hamkuwepo. Mtu akishajenga maisha yake yote juu ya kitu kimoja, si rahisi kumwambia kitu hicho kina nyufa, hasa ukiwa wewe ndiye unayelala naye kitanda kimoja. Na mimi nilikuwa na ujinga wangu: niliona kama nisipotamka, bado litakuwa halijatokea.

Siku ya kurudisha jozi ya tatu nilienda naye. Muuzaji wetu anajulikana mtaa mzima kwa jina la Garantii, kwa sababu kila kitu anachouza anakiapia garantii, ingawa garantii yake mara nyingi huishia mlangoni pake. Duka lake ni jembamba, nyaya zinaning'inia mpaka unatembea umeinama, na vyombo vilivyotumika vimepangwa mpaka darini. Alipoona boksi letu akashika kichwa.

"Kaka, jamani! Hizi nazo?"

"Zimekufa juu," mume wangu akasema.

"Zimekufa? Hebu ngoja."

Akaziunganisha pale pale kaunta. Wimbo ukatoka mkali, safi, kila kitu mahali pake. Dada mmoja aliyekuwa akichagua chaja akageuka akaanza kutingisha bega. Mimi nilimwangalia mume wangu. Alikuwa ameinama mbele ya spika ya kulia, kichwa amekilaza upande, uso umekunjamana kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Unasikia mwenyewe," akamwambia Garantii. "Blanketi."

Garantii akapunguza sauti ya wimbo. Akanitazama mimi. Nikaangalia nyaya.

Mume wangu akavuka barabara kwenda kuulizia duka la pili. Alipotoka tu, Garantii akaegemea kaunta, akashusha sauti. "Shemeji, samahani, usinichukie. Kaka anasikia vizuri?"

"Wewe uza spika!" nilimrukia. "Ungekuwa unauza vitu vizima tungekuwa hapa kila wiki? Biashara ikikushinda unaanza kuwatafutia watu magonjwa?"

Yule dada wa chaja akatoka bila kununua. Garantii akaomba radhi mara mbili, akashusha kutoka darini jozi ya nne, akaifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Alikuwa mweupe wa roho siku ile, na mimi sikumshukuru. Alikuwa ametamka mbele ya watu kile nilichokuwa nakitunza.

Jozi ya nne nayo ikawa haina juu. Lakini muda wa majaribio ulikuwa unakwisha, ikabidi azitumie hivyo hivyo. Alijifungia chumba cha nyuma na trei zake za mayai, akatengeneza tangazo la duka la samani na kionjo cha taarifa ya habari. Kwa kuwa spika, kwa maoni yake, zilikuwa zinakula sauti za juu, alizipandisha. Akasikiliza, akapandisha tena. Nilimsikia kutoka kwenye cherehani. Zile s za mtangazaji ambaye redio ilimtumia sauti yake zilikuwa zinapita ukutani kama wembe. Kasuku akaingia mle ndani akiwa ameziba masikio kwa viganja.

"Baba, inauma."

"Ndio utamu wake, mama," akamjibu, akamkalisha pajani ili amwonyeshe taa zinavyopanda na kushuka. Mtoto akakaa pale, viganja vyake bado masikioni, na baba yake akachukulia ni mchezo.

Alizituma kazi zile, na kesho yake dada mmoja wa redio akapiga simu. Mume wangu akamweka spika ya nje kama kawaida, nami nikaacha kukanyaga cherehani.

"Kishindo, mpangilio ni mzuri sana, tumeupenda," yule dada akasema. "Lakini juu umezidisha mno. Inachoma. Mtu wetu wa mitambo amevua hedifoni. Unatumia spika gani?"

Uso wa mume wangu ukachanua. "Tatizo ni hizo hizo spika, dada! Nimeuziwa mbovu."

"Basi tafuta nzima, utuletee upya Ijumaa. Baada ya Ijumaa kuna mtu mwingine, sitaki kukuficha."

Alipokata simu akanigeukia akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake muda mrefu. "Umesikia? Hata wao wamejua ni spika! Spika isiyo na juu inakufanya uongeze juu. Ni hesabu nyepesi."

Ilikuwa hesabu nyepesi kweli. Ilikuwa inakubali kila upande, na ndiyo maana ilinitisha. Kila kitu ambacho kingempa ukweli, yeye alikuwa anakitia mfukoni kama ushahidi wake. Niliwaza kumwambia wakati ule ule. Nikamwona alivyo na furaha, nikaomba tu kwamba labda, kwa bahati ya ajabu, jozi zote nne ni mbovu na masikio yangu ndiyo yaliyoharibika.

Alhamisi mchana akamwita Garantii nyumbani. Alimwambia kwenye simu, kwa ukali lakini bila matusi, aje asikie kwa masikio yake, na kama ataona spika ni nzima basi yeye Kishindo ataacha kazi ya muziki aanze kuuza maji. Garantii akaja. Alisimama mlangoni kwetu akiwa amevua kofia, akanisalimia kama mtu aliyekuja msibani. Nikamkaribisha bila kumwangalia usoni.

Tuliingia wote wanne kwenye kile chumba cha nyuma. Kilikuwa na joto, kinanuka karatasi na godoro. Mume wangu akatupanga: Garantii kwenye ndoo iliyogeuzwa, mimi kwenye kigoda, Kasuku chini kwenye zulia, yeye kwenye kiti chake mbele ya spika. Akatueleza. Kwenye kompyuta kuna mlio mmoja wa kupimia. Unaanza chini kabisa kwenye besi, unapanda pole pole bila kukatika mpaka juu kabisa. Spika nzima inaufikisha mlio mpaka juu. Spika mbovu inaukata njiani.

"Kila mtu ainue mkono," akasema. "Ukiacha kusikia, shusha. Na mfumbe macho, msije mkaigana. Garantii, hasa wewe."

"Nimefumba, kaka."

"Kasuku?"

"Nimefumbaaa."

Akabonyeza kitufe, na yeye akafumba, akainua mkono wa kulia.

Mlio ulianza kama lori linalonguruma mbali. Nikausikia kwenye miguu ya kigoda. Ukapanda ukawa kama nyuki, ukawa kama filimbi ya mtoto, ukaendelea kwenda. Nilijikaza kisabuni nikafumba macho, lakini nilidumu kidogo tu. Nikafumbua. Kwenye kioo cha kompyuta, nyuma ya bega lake, kulikuwa na mstari wa kijani unaotambaa kutoka kushoto kwenda kulia kufuata mlio. Haukuwa umefika hata katikati.

Mume wangu akashusha mkono.

Aliushusha taratibu, bila wasiwasi, akauweka gotini. Alikuwa na tabasamu dogo mdomoni, macho bado amefumba, anatungoja na sisi tushushe. Na mlio ulikuwa umejaa kile chumba, mwembamba, mkali, unaingia kwenye meno. Mkono wangu ulikuwa hewani. Nikauona mkono wa Garantii nao uko hewani, na Garantii alikuwa amefumbua macho, anamtazama mume wangu.

Nikashusha mkono wangu.

Sikufikiri. Nilimpenda mume wangu kwa nguvu wakati ule, nikaushusha. Garantii akaniona. Akasita kidogo, kisha naye akashusha wake, akatazama sakafu. Jozi nne za spika zilikuwa zimepita duka lake, na alikubali kuwa mwongo ndani ya chumba chetu kwa ajili ya mtu ambaye si ndugu yake. Sitamsema vibaya tena.

Mume wangu akafumbua macho. Akaiona mikono yetu miwili magotini.

"Mmeona sasa?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Mmeona? Nilikuwa naonekana mwendawazimu kwenye nyumba yangu mwenyewe. Garantii, hii imekata mapema mno, ni aibu. Unaniuziaje..."

Alikuwa amemwona Kasuku.

Kasuku alikuwa amekaa pale pale kwenye zulia, macho ameyabana kwa bidii mpaka pua imejikunja. Mkono wake mmoja ulikuwa juu, umenyooka kama wa mwanafunzi anayejua jibu.

"Shusha mkono, mama," baba yake akamwambia. "Imekwisha."

"Bado inalia, Baba."

Akacheka. "Acha utani wako. Shusha."

"Inalia! Inapanda." Akafumbua macho, akatuona. "Mama, mbona umeshusha? Wewe husikii?"

Ningeweza kusema sisikii. Neno lilikuwa tayari. Lakini wakati huo mlio ulifika pale pabaya zaidi, na uso wangu ukajikunja wenyewe kabla sijauzuia, kama vile mtu anavyojikunja akikwaruza sufuria kwa kijiko. Mume wangu aliuona uso wangu. Akauangalia kwa muda, halafu akamwangalia Garantii, na Garantii hakuinua macho.

Mume wangu akageuka akautazama ule mstari wa kijani, ambao sasa ulikuwa unakaribia ukingo wa kioo. Akainuka. Akapiga magoti mbele ya spika ya kushoto, akalaza sikio lake la kushoto kwenye ile twita mpaka shavu likagusa mbao. Akageuza, akalaza la kulia. Alikaa hivyo, amekumbatia kile kisanduku kwa mikono miwili, na jasho likaanza kumtoka shingoni. Nilitaka kwenda kumshika. Nilibaki kwenye kigoda.

Kisha akaunyoosha mkono hadi kwenye kibodi, akabonyeza. Mlio ukakatika, chumba kikawa kimya kabisa, nikasikia hata pumzi ya Garantii. Mume wangu alibaki na kidole juu ya kitufe. Alitazama kioo, akatazama spika, kama mtu asiyejua kama ameufunga mlango.

Mimi nilikuwa karibu naye zaidi, ningemjibu kwa kichwa tu. Hakuniuliza mimi. Aligeuka taratibu kwa Kasuku.

"Imezimika?" akamwuliza.

"Imezimika, Baba," mtoto akajibu.

Ndipo nikaona kwamba alikuwa anamsoma midomo.